Wenye Vivuli Walifika Bunda

Fundi wangu Magesa,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na kazi ambayo wewe ulinikataza. Sasa nimeimaliza, ndiyo nakuambia. Najua ungeniita pembeni, pale penye ndoo za rangi, ungevua kofia, ungekuna kichwa na kusema kwa ile sauti yako ya chini, "Nyangeta, mbona hivi?" Basi soma kwanza mpaka mwisho, ndipo ukune kichwa.

Ukuta wako wa vivuli haupo tena. Wiki ya sita baada ya kukuzika walileta katapila hapa Musoma, pale Iringo. Mwenye lile ghala la pamba ameuza kiwanja, wanajenga maduka. Mimi nilikuwa na sufuria yangu ya uji palepale pa siku zote, ng'ambo ya barabara, nikaona kila kitu. Walianzia upande wa kushoto, kwa Wambura. Naye Wambura alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kiatu cha mteja mkononi, anaangalia kivuli chake ulichokichora kinaanguka pamoja na gongo lake. Akasema, "Haya, mimi nimekufa kabla ya kufa." Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipokuja na chaki mfukoni. Nilidhani umechanganyikiwa. Jua likitoka linaupiga ule ukuta moja kwa moja, na kuanzia saa moja mpaka karibu saa mbili kila anayepita kivuli chake kinapanda ukutani kizima, na mzigo wake, na baiskeli yake. Wewe ukawa unawakimbilia watu. "Dada, simama hapohapo, usitingishike, dakika moja tu." Unazungusha chaki kwenye kivuli chake. Halafu unauliza swali lako lilelile moja, "Sasa hivi ulikuwa unawaza nini?" Alichokujibu ndicho ulichokichora ndani.

Wengine walikutukana. Yule mama wa ndizi alikuambia, "Nawaza nikupige na hizi ndizi." Ukamchorea mkungu wa ndizi umevaa glavu za ngumi. Kesho yake alileta ndugu zake wote kuja kuuona.

Mama Pendo wa Murangi alisimama na beseni lake la dagaa kichwani, akasema mtoto wake yuko kwenye mtihani wa darasa la saba asubuhi ileile, na yeye yuko mjini ananuka samaki. Ukachora dawati limesimama ndani ya ziwa, mtoto anaandika, na dagaa wamemzunguka kimya kama wasimamizi. Chacha wa bodaboda, mwenye kile kiwanja Bweri ambacho kuta zimefika kwenye linta zikagoma, alijibu neno moja tu: "Bati." Ukamchorea nyumba yenye magurudumu mawili, bati lake jekundu linapepea nyuma kama koti. Bomba la maji ya mvua lilikuwa linapita palepale katikati ya pikipiki. Nilikuambia tuling'oe. Ukakataa, ukasema bomba lilitangulia kuwepo, na sisi ndio wageni wake. Na Wambura, na mguu wake ule, alisema, "Nawaza kucheza." Ukamjazia viatu vyote alivyowahi kushona, vinacheza vyenyewe bila wenyewe.

Mimi ulinikuta na mwiko mkononi. Uliponiuliza nikasema, "Siwazi kitu, Fundi. Nimechoka tu." Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Basi pumzika." Ukakiacha kivuli changu kitupu, chokaa peke yake, nyeupe. Watu walidhani hukukimaliza. Mimi nilijua kimekwisha. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenipa zawadi ya namna ile, na ndiyo siku niliyoanza kukukorogea rangi kila nikimaliza kuuza uji.

Evarist hakuyaona hayo. Alikuwa mwanafunzi wako wa kwanza, kabla yangu, ulimlea nyumbani kwako na kumfundisha herufi za mabango ya saluni na mashine za kusaga. Lakini wakati wa ukuta alikuwa ameshahamia Mwanza. Na hata alipokuwaga hapa, wewe mwenyewe ulisema hajawahi kuamka kabla ya saa nne.

Alikuja Pasaka, unakumbuka. Alishuka kwa bodaboda saa tano, miwani imekaa kichwani, jua limeshapanda na vivuli vyote viko miguuni mwa watu. Akapiga ukuta picha kwa simu, kuanzia kushoto mpaka kulia, hakuruka hata hatua moja. Ulimnunulia sato, ukamwachia kichwa, wakati kichwa ndicho unachokipenda. Mimi akaniuliza, "Hivi haya mawazo mzee anayatoa wapi?" Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie. Simu yake ikaita, akaenda kuongea pembeni. Sikumwambia tena. Mungu alinifunga mdomo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Halafu ile siku Chacha alipokuja kwako na picha kwenye simu. Ulikuwa umelala kwenye mkeka, kifua kimeshakukamata, mimi nakupepea na gazeti. Picha ilitoka Bunda: ukuta wa stendi, Evarist yuko juu ya ngazi, na nyuma yake, ukutani, Mama Pendo, na Chacha, na Wambura, na mimi. Uliangalia muda mrefu. Nikangoja ukasirike. Ukasema, "Bluu ameizidishia maji." Ukarudisha simu. Ukafumba macho, ukasema, "Mwache, Nyangeta. Usimfanye kitu. Ni mwanangu yule."

Nikakuambia, "Ndiyo, Fundi."

Nilikudanganya. Nisamehe kwa uongo ule, lakini kwa yaliyofuata siombi msamaha.

Kwa sababu hukuwepo Butiama, Fundi. Yaani ulikuwepo, ila ulikuwa umelala ndani ya sanduku. Evarist alisimama mbele ya wazee wa ukoo wako, mbele ya mama yako mzazi, ameshika maiki kama amezaliwa nayo, akasema, "Kazi ya vivuli tuliibuni wawili, mimi na marehemu, na sasa naiendeleza peke yangu." Wakampigia makofi. Msibani! Mimi nilikuwa nimeshika sinia la ugali. Nilitaka kumpiga nalo usoni. Nikaendelea kugawa. Nilipofika kwake nikampa tonge kubwa, akasema, "Ahsante, dada." Hakujua kwamba mimi ndiye aliyekuwa anamchorachora kule Bunda.

Ukuta ulipoanguka, kesho yake nilipanda gari la Bunda na kopo la rangi nyeusi ndani ya mfuko. Sikumuaga mtu yeyote. Sufuria nilimwachia jirani.

Nilifika stendi, nikauona. Ukuta ule unatazama magharibi, asubuhi hauna jua hata kidogo, na vivuli vimekaa pale kama watu waliopotea njia. Nikamwona Mama Pendo, dawati lipo. Nikamwona Wambura. Nikamwona Chacha, na katikati ya pikipiki yake kuna bomba. Fundi, alichora bomba! Ukuta wa Bunda hauna bomba. Aliliona kwenye picha akadhani ni sehemu ya mchoro, akalichora vizuri kabisa, la kijivu, na misumari yake ya kushikilia. Ningekuwa na mtu wa kucheka naye ningecheka. Ningekuwa na wewe.

Kisha nikajiona mimi. Amenijaza maua. Mekundu na ya njano, kutoka kichwani mpaka kwenye mwiko, kama kitambaa cha meza. Aliona nafasi tupu, akaona ni mali ya bure.

Chini, herufi kubwa kama mbuzi: EVARIST.

Nilifungua kopo kwa kijiko. Nikachovya brashi, nikaiinua, na hapohapo ikanijia: hii ndiyo iliyobaki. Iringo kuna vifusi. Nikiupaka huu rangi nyeusi, hakuna tena mahali popote duniani ambapo Mama Pendo amebeba ziwa. Nitakuwa nimekuzika mara ya pili, kwa mkono wangu. Mlinzi wa stendi akaja. "Mama, unapaka rangi?" Nikamwambia, "Hapana baba, nimekosea ukuta." Nikafunga kopo. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ukuta utazinduliwa baada ya wiki mbili, atakuja mgeni rasmi, na fundi atapewa cheti na kazi ya kuchora stendi nzima.

Nikarudi Musoma nikiwa mtulivu. Wewe unanijua, mimi nikinyamaza ndipo kuna jambo.

Nilimwendea kila mmoja wa wale watatu na maneno yaleyale: njoo Bunda, ukasimame kwenye kivuli chako. Wambura alisema, "Nimeibiwa viatu, nimeibiwa sindano, nimeibiwa hata kigoda. Kivuli hii ni mara ya kwanza." Akakubali. Chacha alisema ataendesha pikipiki mpaka huko, hataki kufika bila ushahidi. Mama Pendo hakuuliza kitu. Aliuliza tu avae nini, nikamwambia zilezile nguo za siku ile, na beseni.

Siku yenyewe kulikuwa na turubai, na spika, na viti vya plastiki. Evarist amevaa suti. Mgeni rasmi, mtu mzima mmoja mpole, anapita mbele ya ukuta taratibu, na Evarist anamweleza kwa maiki. Sisi wanne tumesimama nyuma ya wauza maji.

"Huyu mama, mheshimiwa, anawakilisha uchumi wa ziwa."

"Na hili bomba?"

"Hili bomba linaashiria miundombinu."

Nilimsikia Chacha anakohoa ili asicheke.

"Na huyu mwenye gongo?"

"Huyu ni Mtanzania asiyekata tamaa. Nilimtoa tu kichwani."

Basi Wambura akapaza sauti kutoka nyuma, "Kichwani mwako niliingia lini, kijana, na gongo lote hili?"

Watu waligeuka. Wambura akaanza kutembea. Unajua anavyotembea, kila hatua inasikika. Walimpisha. Alifika ukutani, akageuka, akaegemea pale penye kivuli chake, bega kwa bega, gongo kwa gongo. Aliingia kama kiatu kwenye boksi lake. Hata wapiga debe wakaacha magari yao wakasogea. Mama Pendo akafuata, beseni kichwani na dagaa ndani yake. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa, mimi siwakilishi uchumi. Mimi ni Mama Pendo wa Murangi, na huyo kwenye dawati ndiye Pendo mwenyewe. Yuko kidato cha kwanza." Chacha akasukuma pikipiki mpaka mahali pake. "Na hilo bomba ni la Musoma, limeshavunjwa. Muulizeni bwana huyu hapa linatoa maji ya wapi."

Walicheka, Fundi. Walicheka mpaka wengine wakashika viti. Na mimi nilimtazama Evarist usoni wakati wanacheka, sikutazama pengine.

Nilikuwa wa mwisho. Nilikwenda na mwiko wangu. Mgeni rasmi akaniuliza, "Na wewe, mama?" Nilikuwa nimejifunza maneno mengi ya kusema, yote yakakimbia. Nikasema, "Mimi ni huyu wa maua. Lakini aliyenichora hakuniwekea maua. Aliyenichora anaitwa Fundi Magesa. Tumemzika Butiama."

Mgeni rasmi aliurudisha mkasi kwenye sinia. Utepe haukukatwa. Akamgeukia Evarist, hakufoka, akamuuliza tu, "Kijana, hawa unawafahamu?"

Evarist alituangalia mmoja mmoja. Akasema, na maiki bado iko wazi, "Sikujua kama ni watu."

Hapo mtu mwingine angemhurumia. Wewe ungemhurumia, ungemwendea ukamshika bega. Mimi nilimwambia, "Ungekuja asubuhi ungejua."

Cheti hakikutoka kwenye bahasha. Kazi ya stendi wamempa mtu mwingine. Watu walipotawanyika alinifuata mpaka kwa wauza miwa, suti imelowa jasho mgongoni, akasema, "Dada Nyangeta, umeniua." Nikamwambia, "Wewe mzima, unasimama, unaongea. Aliyekufa yuko Butiama." Nikampa masharti. Jina lake litoke kwa mkono wake mwenyewe. Maua yatoke. Jina lako liingie. Mchana, gari zikiwa zimejaa stendi.

Alifanya siku ya tatu. Nilikwenda kumtazama. Nilibeba kigoda na chupa ya uji, nikakaa. Alikwangua jina lake herufi moja moja, na abiria madirishani wanamuuliza, "Fundi, umesahau jina lako?" "Fundi, umefukuzwa ukutani?" Akaendelea kukwangua. Ngazi ilikuwa inayumba, sikumshikia. Alipoyapaka maua chokaa, wekundu ukatokeza. Akapaka tena, nikamwambia bado unaonekana, akapaka mara ya tatu. Ulikuwa hauonekani tangu mara ya pili. Nilitaka tu apande tena.

Nakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunikazia macho: nilisikia utamu. Utamu kabisa, kama uji ulioiva vizuri. Yule mwanamke uliyekuwa unasema hawezi kumfukuza hata kuku, ndiye huyo aliyekaa kwenye kigoda.

Kisha akaandika jina lako, na chini yake kwamba ukuta wa kwanza ulikuwa Musoma. Na hapo utamu ukaisha. Kwa sababu aliandika vizuri. Aliandika kwa mkono wako, Fundi. Ile G yako yenye tumbo, ile A inayosimama wima kama mlango. Nikaona kwamba kitu kimoja chako kiko hai kabisa, na kiko ndani ya mtu huyu, na siwezi kumkwangua nikakitoa. Alishuka, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu chake, akalia. Nikafunga chupa yangu ya uji, nikaondoka.

Nilidhani hasira itaishia pale ukutani. Haikuisha. Ndiyo maana naandika.

Mwezi huu wanakujengea kaburi. Kokoto zimeshafika, na msalaba umeshamwagwa zege, umelala uani unakauka. Mama amenipigia simu, akasema, "Mwiteni Evarist aandike jina. Mkono wake ni mkono wa marehemu." Na Evarist naye amenipigia. Hakuomba kuandika. Ameomba aje abebe maji ya kukorogea saruji, basi, hata asipokaribishwa chakula.

Nimemkatalia.

Mama alinijia juu. "Wewe ni nani umkatalie mtoto wa nyumba hii?" Ni kweli, mimi ni muuza uji wa Iringo. Nikamwambia tu, "Mama, akija yeye, mimi siji." Labda alikumbuka ni nani alikuwa anakuogesha miezi ile ya mwisho. Akasema, "Haya, basi andika wewe." Hakusema kwa furaha.

Kwa hiyo nitaandika mimi. Unajua herufi zangu. S yangu inaanguka kifudifudi, na mstari wangu haukubali kulala, lazima upande juu kama unakwenda mahali. Wiki mbili sasa najifunza nyuma ya maboksi ya sabuni, nyumba imejaa jina lako, na bado linapanda. Wageni watakaokuja kaburini watasema, huyu alikuwa fundi wa herufi, mbona ameandikiwa hivi? Waache waseme. Liende upande, lakini hakuna atakayelipigia makofi na kusema waliliandika wawili.

Kwaheri, Fundi wangu. Nakuahidi jambo moja: mwaka huu, na mwaka ujao, na mimi nikiwa na miguu ya kufika Butiama, mkono wa Evarist hautagusa kaburi lako. Nalijua neno uliloniambia kwenye mkeka, sijalisahau. Kama bado unataka nimwache, usinitumie mama, wala usinitumie machozi yake yeye. Njoo uniambie mwenyewe. Nitakusikiliza. Nitaacha hata sufuria jikoni nije nikusikilize.

Ni mimi,
Nyangeta